Babu, Hao Hawana Hela ya Mashine?
Mbio ndefu za vyombo visivyo na injini, kutoka Mississippi hadi pwani ya kwetu

Mwezi wa Julai tulikuwa kwenye pikiniki yetu ya kila mwaka kando ya Mto Mississippi, hapa Inver Grove Heights. Nyama ilikuwa bado motoni, pilau limefunikwa, na watoto wamekimbilia kwenye gati kutazama maji. Mara ikatokea mitumbwi miwili kutoka upande wa Saint Paul, kila mmoja na watu wanne, makafi yakiingia na kutoka majini kwa pamoja kama ya mtu mmoja. Walikuwa wamelowa jasho. Hawakutupungia mkono wala kugeuka. Mtoto wetu mmoja wa miaka tisa, mzaliwa wa Saint Paul, akawatazama mpaka walipotokomea, kisha akamgeukia mzee aliyekaa naye: "Babu, hao hawana hela ya mashine?"

Watu wazima tulicheka. Mzee alitabasamu tu. Yeye kwao ni Jibondo, kisiwa kidogo karibu na Mafia kinachosifika kwa mafundi wa vyombo, na ujana wake wote aliupitisha kwenye tanga. "Hao wanazo, mjukuu wangu," akamjibu. "Sisi ndio tulikuwa hatuna." Halafu akaomba sahani ya karatasi na kalamu, akaanza kumchorea ngalawa.

Tuliona baadaye kwamba swali lile halikustahili kuishia kwenye pikiniki. Basi tumelitafutia nafasi katika jarida hili la Uhuru, kwa ajili ya watoto waliouliza na wazazi ambao, tukubali, hatukuwa na jibu zuri zaidi yao.

Tuanze na mahali penyewe. Gati lile ni mabaki ya daraja la Rock Island, lililojengwa mwaka 1895. Lilikuwa na ngazi mbili: treni zikipita juu, mikokoteni na baadaye magari yakipita chini, na kipande kimoja kikizunguka ili kuruhusu meli. Wenzetu waliotangulia kufika Minnesota wanaikumbuka ile senti 75 ya kuvukia kwenda St. Paul Park. Daraja lilifungwa mwaka 1999, sehemu yake ikaporomoka mwaka 2008, na mwaka 2011 kipande cha upande wetu kikafunguliwa kuwa gati la matembezi. Ni refu mita 200 hivi, na ukisimama kwenye ncha yake unakuwa juu ya mto hasa.

Mbele ya gati hilo ndiyo njia ya kila mtu anayepiga kafi kutoka Ziwa Itasca, mto unakoanzia, kwenda Ghuba ya Meksiko. Na njia hiyo ni ya kale kuliko daraja. Hatua chache juu ya mto, mahali palipo South St. Paul ya leo, palikuwa na kijiji cha Wadakota kiitwacho Kaposia, jina ambalo wengi hulifasiri kuwa ni watu wasafirio na mizigo miepesi. Wadakota walichonga mitumbwi kwa gogo moja, kama inavyochongwa kwetu. Waojibwe wa kaskazini waliitengeneza kwa magome ya miti, myepesi kiasi cha mtu mmoja kuubeba begani kutoka ziwa hadi ziwa. Baada ya vita vya 1862 Wadakota walifukuzwa katika jimbo hili. Mitumbwi yao ikabaki, ikawa mchezo wa watu wengine. Sisi tuliokuja juzi tunapaswa kulijua hilo kabla ya kuusifu mchezo wenyewe.

Na mchezo ulikua. Mwaka 1940, Minneapolis ilipoanzisha tamasha lake la kiangazi liitwalo Aquatennial, ziliandaliwa mbio za mitumbwi kutoka Bemidji hadi Minneapolis, zaidi ya maili 400, kupitia maziwa, magogo na mabwawa. Mwaka 1963, Texas nao wakaanza mbio zao za maili 260 kushuka mto hadi baharini. Ulikuwa mwaka ule ule ambao Zanzibar na Kenya zilipata uhuru, katika juma moja la Desemba.

Lakini mbio kubwa kuliko zote kwenye mto huu hazina kipenga. Ni za kushindana na saa: Itasca hadi Ghuba ya Meksiko, kiasi cha maili 2,300, yaani kilomita 3,700 hivi. Mwaka 2003 Clark Eid na Bob Bradford, wawili ndani ya mtumbwi mmoja, walimaliza kwa siku 18, saa 4 na ushei. Rekodi hiyo ilisimama mpaka Mei 2021, watu wanne walipoifikisha siku 17 na saa 19 na ushei. Mei 2023 wanne wengine wakaivunja tena: siku 16, saa 20 na ushei. Hawa hawatui pwani kulala. Wanapiga makafi usiku na mchana, wakipokezana kupata usingizi wa saa chache humo humo mtumbwini, wakikwepa majahazi ya chuma yanayosukuma nafaka na mawe.

Ukiuchukua umbali huo ukauweka baharini, unakaribia kukutoa Unguja na kukufikisha Maskati. Hapo ndipo mzee wetu alipoweka kalamu chini akasema, "Sasa huo ni mwendo ninaoujua."

Watoto, fungueni ramani. Pwani yetu inatazama bahari ambayo upepo wake una ratiba. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, ukitoka Uarabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi huvuma kusi, ukirudi ulikotoka ule wa kwanza. Katikati pana majuma ya upepo usioaminika. Kwa miaka isiyopungua 2,000 vyombo vilishuka na kaskazi na kupanda na kusi. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, tayari kinavitaja katika pwani hii vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na huenda mababu wa mitepe ya Lamu na Bajuni walikuwa humo. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, naye aliondoka pale upepo ulipomruhusu, kama kila mtu.

Mbio zilikuwa hizo. Hakukuwa na mwamuzi wala kikombe, ila kila nahodha alijua kwamba kusi haimngoji mtu. Ukichelewa kupakia boriti Rufiji, au ukikaa Unguja ukisubiri bei ya karafuu ipande, wenzako wanang'oa nanga na wewe unabaki na chombo kilichojaa na mwezi wa dhoruba ukikunyemelea. Aliyewahi alikuta soko lina njaa. Aliyechelewa sana alikaa mwaka mzima ugenini, na ndiyo sababu moja ya watu wengi wa pwani kuwa na mashangazi Sur na wajomba Lamu.

Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri namna hiyo msimu wa 1938 hadi 1939 ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali Najdi. Walishuka kutoka Aden kupitia pwani ya Somalia, Lamu, Mombasa na Unguja, wakaingia katika matope ya delta ya Rufiji kukata na kupakia boriti za mikoko, wakarudi nazo Ghuba ambako hakuna miti ya kuezekea. Kitabu alichoandika, Sons of Sinbad, kilitoka mwaka 1940. Anayetaka kujua kazi ya baharia ilikuwaje, mikono ikichubuka, maji ya kunywa yakipimwa kwa kikombe, atafute hicho.

Tusifiche pia kwamba kusi hiyo hiyo ilisukuma majahazi yaliyobeba watu waliotiwa utumwani, hadi soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873 na hata baadaye kwa siri. Historia ya tanga si ya kujisifu yote.

Wazungu nao walikuwa na mbio za aina hii, na zao zilikuwa na zawadi. Mwaka 1866 meli za matanga zilizobeba chai mpya ziliondoka Fuzhou, China, kuelekea London kwa kuzunguka Afrika yote. Baada ya siku 99, Taeping iliingia gatini dakika 28 tu mbele ya Ariel, na wakagawana bakshishi. Miaka mitatu baadaye Mfereji wa Suez ukafunguliwa, meli za mvuke zikapata njia ya mkato, na mbio za chai zikafa. Kwetu mvuke ulifika haraka vilevile: tangu mwisho wa 1872 Unguja ilikuwa inatembelewa kila mwezi na meli ya barua ya Waingereza. Majahazi hayakufa lakini. Yaliendelea kubeba kile ambacho meli ya mvuke haikutaka kubeba, na kuingia pale ambapo haikuweza kuingia, kwa karibu miaka mia nyingine.

Hapa baadhi ya wasomaji wetu watakunja uso. Wengi katika jumuiya yetu ni watu wa bara: Moshi, Mbeya, Mwanza, Kigoma. Watasema bahari ni habari ya watu wa pwani. Ndugu zetu, itazameni bendera. Ile iliyopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ilikuwa na kijani, nyeusi na dhahabu tu. Bluu haikuwemo. Bluu ilikuja mwaka 1964, kwa Muungano, kutoka upande wa Zanzibar, na tunafundishwa kuwa ni rangi ya bahari, maziwa na mito. Maziwa ni yenu. Burton na Speke mwaka 1858 walivuka kutoka Ujiji hadi Uvira kwa mitumbwi ya makafi, na jirani zetu wa Buganda mpaka leo hushindanisha mitumbwi ya koo mbele ya Kabaka.

Tena bahari mnaisema kila siku bila kujua. Mambo yakiharibika mnasema yamekwenda mrama. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo mawimbi yanapokipiga. Kiongozi wa timu ya mpira mnamwita nahodha. Anayeongoza nchi ameshika usukani. Na yule kijana anayejibu "shwari" akiulizwa habari za nyumbani, anataja bahari iliyotulia bila upepo. Mzee wetu hulipinga neno hili kila siku ya mkutano. Kwa mtu wa mashine, shwari ni neema. Kwa mtu wa tanga, anasema, shwari ni njaa.

Sasa turudi kwenye ile sahani ya karatasi. Alichochora mzee ni ngalawa: gogo la mwembe lililochongwa jembamba, na matengo mawili, mkono huku na mkono huku, kila mmoja ukiishia na ubao unaogusa maji. Bila matengo gogo lile lingepinduka kwa chafya. Juu yake mlingoti mfupi, foromali ndefu iliyoinama, na tanga la pembe tatu. Wataalamu wengi wanaamini kwamba umbo hili la matengo lilikuja na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, wale wale walioacha lugha yao Madagaska. Kama ni hivyo, ngalawa yenyewe ni matunda ya safari ndefu kuliko mbio zote tulizozitaja, na hakukuwa na injini duniani.

Resi za ngalawa, kama zinavyoitwa Unguja na Pemba, ni fupi ukizilinganisha na mto huu: saa moja, mbili, tatu. Vyombo hupangwa ufukweni. Ishara ikitolewa watu wanasukuma, wanaruka ndani, tanga linafunguka kwa mshindo. Kwenda na upepo ni rahisi, hata mgeni anaweza. Kazi ni kurudi. Chombo hakiwezi kwenda kinyume cha upepo moja kwa moja, basi kinabisha, kinakwenda upande huu na kupinda upande ule kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya kona kona. Kila kona, foromali yote lazima izungushwe mbele ya mlingoti na tanga lihamie upande wa pili, wakati huo upepo unalivuta na ngalawa imekosa mwendo. Mmoja ameshika usukani. Mmoja ameshika demani, ile kamba ya kulikaza na kulilegeza tanga, na viganja vyake vinajua kabla ya macho kwamba upepo unabadilika. Mmoja amekimbilia kwenye tengo la joshini, upande unakotoka upepo, ili uzito wake ukandamize. Na mdogo kuliko wote yuko chini anafua maji kwa kopo, haoni chochote cha resi mpaka iishe. Mzee anasema yeye alishinda resi tatu akiwa yule wa kopo, na hakuona hata moja.

Lamu wanatumia mashua, na vijana hukaa nje kabisa kwenye ubao uliotokezwa ubavuni, miguu ikigusa maji, wakati wa Maulidi, tamasha la utamaduni na Mwaka Mpya. Unguja, Tamasha la Nchi za Majahazi lilipoanza mwaka 1998 liliweka resi katika ratiba yake. Ndugu zetu walioko Dubai wameona kubwa zaidi: tangu 1991 majahazi ya futi 60 hushindana kutoka kisiwa cha Sir Bu Nair hadi mjini, zaidi ya maili 50 za bahari, kwa kukumbuka wapiga mbizi wa lulu walivyokuwa wakirudi nyumbani mwisho wa msimu. Pale kuna pesa nyingi kwa washindi. Kwetu mshindi huondoka na bahasha na sifa ya mwaka mmoja. Tunasema hili bila kinyongo, ingawa kidogo kipo.

Maana swali la mtoto bado linatungoja. Ni kweli: kwetu tanga lilikuwa la asiye na hela ya mashine. Mzee alitusimulia siku ambayo baba yake aliamua kununua. Ndugu wawili wa baba walitoka alfajiri kwenda kuvua, umande ukawapeleka nje, kisha upepo ukafa. Siku mbili tanga lilining'inia kama nguo kwenye kamba. Walipiga makafi mpaka ngozi ikatoka. Walirudi hai, lakini samaki wote walikuwa wameoza, na mmoja wao hakuingia tena baharini maisha yake yote. Baba akauza mbuzi, akakopa, akanunua mashine ya mkono wa pili. Tangu hapo, nyumbani kwao hakuna aliyeulilia upepo.

Wapo pia waliokwenda kwa tanga kwa sababu mashine ina mlio. Katika miaka migumu iliyofuata Januari 1964 kuna watu waliovuka usiku kutoka visiwani kwa ngalawa na mashua, na mbio zao zilikuwa dhidi ya kupambazuka. Baadhi ya familia zilizotawanyika kutoka Mombasa hadi Maskati, hadi Ulaya na hapa, safari yao ilianzia hapo. Katika sherehe za Uhuru hatuna desturi ya kulisema. Tumelisema kwa sababu ni sehemu ya historia ya chombo tunachokisifu.

Kwa hiyo sisi tulio huku, wenye magari mawili nje ya nyumba na joto linalowaka lenyewe, hatuna haki ya kumwambia mvuvi wa Jibondo abaki na tanga ili tukienda likizo tupate picha nzuri. Leo hata boti za faiba zimeanza kuchukua nafasi ya mwembe, na kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni saa mbili hivi kwa boti ya kasi, ukikaa kwenye kiti na kutazama filamu. Nani atakataa? Mama zetu waliotapika siku nzima ndani ya jahazi hawakatai.

Kinachotuuma ni kingine. Kampuni ya Uingereza ilikuwa ikiandaa mbio za ngalawa za siku kadhaa katika pwani yetu na visiwa vyake, zilizoitwa Ngalawa Cup, na wageni walilipa pesa nyingi wapate kulowa, kukwama kwenye miamba na kulala mchangani. Mafundi na mabaharia wetu waliwafundisha. Hatuwalaumu, ilikuwa kazi halali na wageni waliipenda ngalawa kwa dhati. Ila ujuzi ule ule ambao kijana wa kwetu anauonea haya shuleni, kwa kuwa ni wa baba asiye na mashine, ndio mgeni anaoutundikia picha ukutani. Na mwisho wa siku kijana anajifunza kutoka kwa mgeni kwamba kilikuwa kitu cha thamani. Hapo sisi wazazi tumechelewa.

Tulimwonyesha mzee mbio nyingine za huku, Race to Alaska. Zilianza mwaka 2015: maili 750 kutoka Port Townsend, jimbo la Washington, hadi Ketchikan, katika maji ya baridi yenye mikondo mikali. Sharti kubwa ni moja, hakuna injini, na hakuna wa kukusaidia njiani. Tanga, makafi, chochote kinachosukumwa na upepo au misuli. Wa kwanza hupata dola 10,000 taslimu zilizopigiliwa kwenye mti. Wa pili hupata seti ya visu vya kukatia nyama. Mzee alicheka mpaka akakohoa aliposikia visu.

Kisha tukamwonyesha picha ya chombo kilichoshinda mwaka ule wa kwanza, cha timu iliyojiita Elsie Piddock, watu watatu, siku 5, saa 1 na dakika 55. Kina mwili mwembamba katikati na mabawa mawili ubavuni yanayogusa maji, moja huku na moja huku. Mzee alivaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaitazama muda mrefu. "Hii ngalawa," akasema. Akamwita yule mtoto aje aone.

Mtoto akauliza kama hao nao hawakuwa na hela ya mashine. Mzee akamwambia hapana, walikuwa nazo, ila waliziacha nyumbani kwa hiari, na kwamba mtu anayeacha kitu kwa hiari na mtu asiyekuwa nacho wanaweza kufanya kazi moja kwa mikono ileile. Tena akaongeza kwamba baba yake angeshinda zile dola.

Wazee wa pwani wana msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumboni mwake, panapokusanyika maji na wa kuyafua ni yule mdogo. Wengi mmeusikia kwenye harusi bila kujua vyumba vyake. Sasa mnavijua.

Tunapoandika haya kingo za Mississippi zimeanza kuganda, na kwenye gati la Rock Island hakuna mtu ila wavuvi wawili wenye makoti. Jumamosi ya pili ya mwezi wa Juni, barafu ikishatoka na mto ukishapungua mafuriko ya masika, jumuiya itakodi mitumbwi minne. Tutaanzia Saint Paul na kushuka hadi Inver Grove Heights, familia kwa familia, na wazazi watangojea gatini na chakula. Jaketi la kujiokolea ni lazima kwa kila mtu, mtoto kwa mkubwa, na asiyejua kuogelea atapanda na anayejua. Makopo ya kufulia maji tutaleta sisi. Majina yaandikishwe kwa katibu kabla ya mwisho wa Aprili. Mzee ameshachagua nafasi yake: atakaa tezi, na yule wa miaka tisa atakaa na kopo.